Makaa Wanataka Ngurumo

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, upepo wa baridi, vioo vyote vimetoa jasho. Kaka amerudi kutoka kwa daktari wa koo akiwa amelowa chapachapa. Ameketi kwenye kiti cha Mama bila hata kuvua viatu. "Vinundu viwili," akasema. "Kimoja kimepasuka." Nikacheka! Nilidhani ananitania.

Daktari amemwambia hivi: ukiendelea kunguruma namna hiyo, ipo siku hutaweza kuwaita watoto wako. Kaka akajibu kwamba hana watoto. Basi hutaweza kumwita mbwa, daktari akamwambia, na akafunga mlango.

Kaka hanyamazi mtu akimtania. Leo ameinama kufungua kamba za viatu.

Kila kitu chetu kimejengwa juu ya ngurumo ile. Inatoka chini ya tumbo, nzito na chafu, kama mtu anayeburuta kabati la chuma kwenye sakafu ya saruji. Maneno hakuna anayeyasikia. Mama mpaka leo huuliza, "Jana aliimba au alitapika?" Watu hawaji kwa ajili ya maneno. Wanakuja ili wapigwe kifuani. Yeye anawapiga kwa koo, mimi nawapiga kwa miguu miwili kwenye ngoma kubwa. Bendi inaitwa Tanuri. Mashabiki wamejipa jina wenyewe: Makaa.

Kuimba anaruhusiwa. Kuimba kwa kawaida, kwa sauti yake ya kuzaliwa. Sauti hiyo anayo, tena nzuri — naijua tangu tukiosha vyombo pamoja utotoni. Makaa hawaijui.

Jioni tumewaita wenzetu, Nyuzi wa gitaa na Mzito wa besi. Mzito amelia waziwazi, jitu zima. Nyuzi ameuliza tu, tutawaambia nini Makaa? Kaka amekataa katakata wasiambiwe habari za koo. "Wale watu wanakuja kupigana. Sitaki waje kunipa pole."

Tumeapa wote wanne. Na mimi nimeapa.


Alhamisi, 7 Machi

Kazini mashine ya kupigia pasi mashuka imeniunguza kiganja tena. Msimamizi amesema udobi si kazi ya mtu anayewaza mambo mengine. Kweli. Nilikuwa nawaza wimbo.

Mazoezi gerejini mpaka jioni. Wimbo mpya umekaa sawa. Tumeuita "Shingoni". Unaanza kwa kishindo kama zamani, gitaa linakwaruza, mimi nakimbia — halafu katikati kila kitu kinakatika. Kimya. Ndani ya kimya kile Kaka anaimba peke yake. Wazo la kukata ni langu. Mara ya kwanza tulipoupiga hivyo, nywele zilinisimama.

Mzito ndiye aliyeshtuka. "Dada, ngoma ikikatika si watadhani mtu ameanguka?"

Ana hoja. Pale mbele ya steji, Makaa wanapogongana na kusukumana, wanapaita kinu. Ukiingia unatwangwa, ndiyo raha yake. Lakini kinu kina sheria moja. Mimi nimekaa juu, naona vichwa vyote. Nikiona mtu ameenda chini, nakata ngoma ghafla na kuinua fimbo mbili zilizopishana. Ngoma ikikatika kila mtu anasimama alipo, walio karibu wanamwinua aliyeanguka, halafu naendelea. Hakuna tangazo, hakuna walinzi wa kutosha. Sheria hiyo hakuna aliyeitunga. Ilikuja yenyewe, na tangu ije hakuna aliyeumia zaidi ya jino.

"Watazoea," nikamwambia Mzito. "Kwenye wimbo siinui fimbo. Watajua tofauti."


Jumamosi, 9 Machi

Tumepiga ukumbini, lile ghala la zamani la mbao. Tunaanza saa kumi jioni kwa sababu majirani wameshtaki mara mbili.

Mwanzo wa "Shingoni" kinu kikachemka. Damu, jasho, mashati juu. Nikakata.

Mungu wangu! Walisimama. Wote! Wakainama, wakaanza kutafuta chini. Wengine wakawasha tochi za simu, wanamulika sakafu, wanaulizana: nani? nani ameanguka? Na juu ya vichwa vile vilivyoinama Kaka akaanza kuimba. Nyororo. Peke yake.

Walivyoinua nyuso, nilitamani ngoma inimeze.

Chupa ya kwanza ilimpita sikioni. Ya pili ikapasukia kwenye spika. Halafu zikaja nati — nati za chuma, kubwa, za kufungia magari makubwa! Moja ikagonga sahani yangu ya shaba ikalia kama kengele, moja ikampata Kaka juu ya nyusi. Akaendelea kuimba, damu inaingia jichoni. Mtu akapiga kelele, "Mkabidhini mto na shuka alale!" Ukumbi mzima ukacheka. Kicheko kiliuma kuliko nati.

Anayerusha nati namjua. Ni Cheche, mchomeleaji vyuma, mkubwa wa Makaa asiyechaguliwa na mtu. Hakuna Jumamosi aliyokosa.

Nyusi ya Kaka nimeishona mimi. Mama amenishikia taa.


Jumanne, 12 Machi

Bomba la mvuke limepasuka udobini, msimamizi akaita mchomeleaji. Nani anaingia na mtungi begani? Cheche!

"Hujambo, Dada Ngoma."

"Sijambo. Fanya kilichokuleta."

Amechomelea akiwa amenipa mgongo, cheche zinaruka hadi kwenye mashuka yangu. Alipomaliza akainua barakoa. Macho mekundu.

"Nikuulize kitu. Sisi tulisimama. Umeona tulivyosimama? Nilimwachia mtu shingo, nikainama kutafuta mwenzangu. Kumbe hakuna mtu. Ni mapambo tu ya wimbo."

Nikasema muziki hubadilika.

"Badilisheni gitaa. Badilisheni nguo. Ile alama ni ya uhai, dada. Unaifanyiaje mzaha?" Akapangusa uso kwa glovu, akaupaka masizi. "Wiki nzima napigiwa kelele na kila mwenye geti bovu. Jumamosi kaka yako anawajibu kwa niaba yangu. Sasa ameanza kubembeleza. Nibembelezwe na yeye? Mimi nina mama!"

Wadobi wenzangu wakacheka. Mimi nilikuwa na maneno mdomoni kabisa: koo lake limepasuka, Cheche. Nikayameza. Nimeapa.

Alipokuwa anatoka akageuka. "Jumamosi kimya chenu tutakitwanga. Mwambie."

Sikumwambia.


Jumamosi, 16 Machi

 Naandika vibaya.

Wamekitwanga kweli. Nilipokata tu, Cheche akapaza "Kimyaaa!" na kinu kikalipuka mara mbili ya kawaida. Wanakanyaga, wanapiga vifua, wanapiga ukuta wa mbao kwa ngumi. Sauti ya Kaka ikazama humo kama kijiko kwenye pipa. Sikuisikia hata mimi niliye nyuma yake. Na walikuwa wanacheka! Wamepata mchezo mpya. Kimya kikifika, twanga.

Baadaye nje, kwenye uwanja wa kushushia mizigo, wamechoma fulana zetu ndani ya pipa. Kaka akaenda. Nikamshika shati likabaki mkononi. Sijui aliwaambia nini, najua tu alisema taratibu, kwa sababu sasa husema kila kitu taratibu. Cheche akamwambia, "Ongea kama mwanamume!" Kaka akarudia vilevile, taratibu. Ngumi ikatua mdomoni.

Aliangukia magoti. Wakamzunguka. Teke moja la mbavu, la pili la mgongo. Mzito alikuwa amebeba spika, hakuweza kuitupa. Mimi nilikuwa na stendi ya sahani, chuma kitupu, miguu mitatu. Nikaizungusha. Nimempata Cheche kwenye bega nikasikia kitu kimefanya kop! Nikazungusha tena. Mtu mwingine, sikio. Nilikuwa nataka kuendelea. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli — walikuwa wameshaanza kukimbia na mimi nilikuwa bado naizungusha. Mzito ndiye aliyenishika kiuno.

Kaka amepoteza jino la mbele. Amelifunga kwenye karatasi ya sigara. Anatabasamu kwa pengo: sasa nitaimba na filimbi ndani yake.


Jumapili, 17 Machi

Amelala siku nzima. Mama anapika supu na kupiga sufuria kwa mwiko bila sababu.


Jumatano, 20 Machi

Mazoezi hayakufika popote. Nyuzi amekuja na maneno aliyoyapanga: tutafute mtu mwingine wa kunguruma, Kaka abaki kuimba vile vipande laini, kila mtu ale kwake. Kaka alikuwa anazungusha waya mkononi, anasikiliza. Halafu akamrukia. Meza chini, chupa za maji chini, gitaa limevunjika kichwa. Kaka juu, mikono shingoni kwa Nyuzi — kidole gumba palepale kooni! Kama anamwonyesha panapouma. Nyuzi uso umekuwa wa zambarau ndipo Kaka akamwachia, akatoka nje kukohoa.

Nyuzi amesema maneno mawili tu tukiwa tunaokota vitu. "Anakikosa, dada." Nikauliza nini. "Kile kishindo. Humwoni? Si Makaa peke yao."

Nimemwambia akatengeneze gitaa lake.


Jumamosi, 23 Machi

Hospitali. Benchi la kijani, nje ya chumba cha upasuaji. Shajara ilikuwa kwenye mkoba wa fimbo. Naandika kwa utaratibu, la sivyo nitavunja kitu.

Ukumbi ulifurika leo. Wamesikia kuna ugomvi, wakaja na ambao hawajawahi kutusikia. Cheche mbele kabisa, bega limefungwa bandeji, amevaa lile koti lake lenye matundu ya moto. Akanipungia mkono mzima. Nikampungia fimbo. Karibu tucheke.

Tukaanza na "Shingoni" ili uishe mapema. Kimya kikaja, wakakitwanga, kikapita. Tukaingia ubeti wa pili, kasi yangu ile ya juu. Hapo nikaona bega la mtu limempata Cheche kidevuni. Kichwa kikaenda nyuma. Akashuka wima, kama mzigo uliokatwa kamba. Koti lenye matundu likapotea chini ya miguu.

Nikakata. Fimbo mbili juu, nimezipishanisha, nimesimama kabisa juu ya kiti.

"Kimyaaa!" wakapaza. Wakaingia wote. Wote! Waliokuwa kando, waliokuwa ukutani, wakakimbilia kati kutwanga. Hakuna aliyetazama fimbo. Tulikuwa tumewafundisha.

Kaka aliona. "Mwinueni!" akasema kwenye maiki. Kwa sauti yake ya kawaida. Wamezoea kuizamisha sauti hiyo, wakaizamisha. "Mtu yuko chini! Mwinueni!" Wakatwanga zaidi, wakamfanyia ishara ya mtoto anayelala.

Nikaona anavyovuta pumzi. Nilijua. Najua mgongo wake ukijaa vile. Nikapiga kelele "Usithubutu!" na hata mimi sikujisikia.

Akanguruma.

INUA, alisema. Neno moja, refu, kutoka chini kabisa. Nyavu za spika zikatikisika. Na kwa kitambo kidogo sana ukumbi mzima ukaganda, na nikadhani — asante Mungu, wameelewa.

Hawakuelewa. Lini waliwahi kuelewa neno lake hata moja? Walisikia ngurumo tu. "Amerudi!" mmoja akalia, analia machozi kweli. "Amerudi!" Wakakumbatiana, wakarukiana, kinu kikawa kitu ambacho sijawahi kukiona, watu mia kadhaa wanaruka kwa furaha juu ya mkubwa wao. Kaka akanguruma tena: INUA. Wakaruka tena. Kila alipowaambia wamwinue, walimkanyaga.

Mzito alitupa besi akaruka chini. Alipasua njia kwa viwiko, mlinzi wa mlangoni akaingia upande wa pili. Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka kiatu kimoja cha Cheche kwenye steji. Kaka kapiga magoti nyuma ya spika, taulo mdomoni, taulo limelowa nyekundu.

Mbavu sita za Cheche. Pafu. Taya mahali pawili. Kaka yuko chumba cha pili, wamemwekea kitu kooni, marufuku hata kunong'ona.

Mke wa Cheche amefika na khanga ya kulalia. Ameniuliza mimi ni nani. Nikasema mpiga ngoma. Amenizaba kofi, kofi safi la mkono mzima. Halafu akanipa mkoba wake nimshikie, akaingia ndani.

Bado nimeushika.


Jumapili, 24 Machi

Jua kali, anga safi. Sijalala.

Cheche amefumbua macho mchana. Mkewe ameniruhusu niingie, yeye kasimama mlangoni amekunja mikono. Mirija kila mahali. Taya limefungwa kwa waya, anaongea kwa meno.

"Nilimsikia," akasema. "Nikiwa chini."

Nikamwambia Kaka alikuwa anasema mwinueni. Alikuwa anasema inua.

"Maneno sikuyasikia. Nani husikia maneno?" Akataka kucheka, mbavu zikamkata, machozi yakamtoka.

Basi nikavunja kiapo. Nikamweleza yote. Vinundu, daktari, kwa nini sauti ilibadilika, kwa nini jana alipasua koo lile lile na kwa ajili ya nani. Alifumba macho. Mkewe amesogea, amemfunika miguu.

"Kumbe," akasema Cheche. Kisha, akiwa bado amefumba: "Jumamosi mnapiga wapi?"

Mkewe ndiye aliyenitoa nje. Safari hii hakunipiga. "Umeona?" akaniuliza. "Umeona ninayeishi naye?"

Jioni wamemtoa Kaka kile kitu cha kooni, wameturuhusu kurudi naye nyumbani. Hasemi, haruhusiwi. Mama anamlisha uji kwa kijiko na kumsimulia habari za majirani kama mgonjwa wa miaka mitano. Simu yangu haitulii. NGURUMO IMERUDI. Onyesho bora kuliko yote. Tanuri hawajafa. Mmoja ameandika kwamba amevunjika kidole na hatakitibu, akiweke kama kumbukumbu. Mwenye ukumbi anataka Jumamosi mbili mfululizo. Nyuzi amemjibu kwamba tutafikiria. Tutafikiria!

Kisha Nyuzi akanitumia video. Ameandika chini yake: itazame yote.

Nimejifungia chumbani. Mara ya kwanza nimeitazama bila sauti. Fimbo zangu juu. Kinu. Mdomo wa Kaka unafunguka. Mzito anazama, mlinzi anazama, wanaibuka na Cheche mikononi, kichwa kimening'inia. Wanaelekea mlango wa pembeni. Mlango unafunguliwa, mwanga wa jua unaingia, mlango unafungwa. Cheche ameshatolewa. Amekwisha toka.

Na mdomo wa Kaka bado uko wazi.

Nikaongeza sauti. Bado ananguruma. Si INUA tena, hakuna neno humo. Macho amefumba, kichwa nyuma, damu inashuka kidevuni, na uso wake — nimeutazama mara nyingi, nikiusimamisha na kuuachia. Ni uso wa mtu anayekunywa maji baada ya kiu.

Kitu kingine kinasikika chini ya ngurumo. Mwanzoni nilidhani ni mitambo ya jengo. Kasi, miguu miwili, bila kukosea hata pigo. Video imeyumba kidogo, imenipata. Nimekaa. Fimbo zinashuka. Sijui nilikaa lini. Sikumbuki kabisa! Nampigia Kaka, natazama ule mgongo wake, na meno yangu yote yako nje.

Ni pigo zuri. Sijawahi kupiga vizuri hivyo.

Nimegeuka nikamkuta Kaka kwenye kizingiti, shali ya Mama shingoni. Sijui amesimama pale tangu lini. Amenyoosha mkono. Nikadhani anataka kuivunja ile simu, nikampa. Ameketi ukingoni mwa kitanda changu, ameirudisha mwanzo, ameongeza sauti mpaka mwisho. Tumeitazama pamoja mpaka mlango ulipofungwa, na baada ya mlango. Hakunitazama. Mguu wake wa kulia ulikuwa unafuata ngoma.

Ilipoisha akairudisha mwanzo. Mimi nikahesabu kwa kidole kwenye goti, mahali pa kuingilia ngoma yangu.

Ameondoka na simu yangu. Bado naisikia kupitia ukuta wa chumba chake. Kuna kitu kingine pia — kama pumzi inayojaribu kunguruma, inarudi, inajaribu tena. Ningemwita Mama. Sijamwita.

Nimezima taa saa nne. Asubuhi naongeza hili tu: usingizi ulinipata saa tisa na robo, ukuta ukiwa bado haujanyamaza.